Dundu la Dhahabu na Miguu ya Wapagazi

Mwaka 1925 magari manane ya Kifaransa yaliingia Kampala yakitokea Colomb-Béchar, ukingoni mwa Sahara upande wa Algeria. Hapo msafara ukagawanywa mafungu manne, kila fungu magari mawili, na kila fungu likapewa njia yake. Moja lilielekezwa Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, na la nne likatakiwa lishuke hadi Cape Town, mwisho wa bara. Yale matatu ya kwanza yalikuwa na miadi ya kukutana ng'ambo ya bahari, katika kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, yaani Madagaska.

Magari hayo yalikuwa na majina, na kila moja lilichorwa nembo yake ubavuni. La kiongozi liliitwa Dundu la Dhahabu, kwa kumkumbuka yule dundu wa Misri ya kale asukumaye tonge lake kama mtu anayelisukuma jua. La msaidizi wake liliitwa Hilali ya Fedha. Mengine yaliitwa Jua Linalotembea, Tembo Mwenye Mnara, Njiwa, Konokono wa Mbawa, Pegaso, ambaye ni farasi arukaye wa Wayunani, na Sentauri, ambaye ni nusu mtu nusu farasi. Nimeyafasiri majina haya moja moja, mimi niliyejifunza Kifaransa kwa kamusi na kwa ukaidi, kwa sababu yananivutia na yananiudhi kwa wakati mmoja. Yananivutia kwa kuwa ni kazi ya watu waliojua kwamba chombo kisicho na jina hakina safari. Na hilo nahodha yeyote wa jahazi angelikubali. Yananiudhi kwa kuwa historia imehifadhi jina la kila gari, jina la kila fundi wa Kifaransa aliyekamata usukani, lakini haikuhifadhi majina ya maelfu ya Waafrika waliofyeka misitu na kujaza mashimo ili magari hayo yapite. Konokono ana jina. Mfyeka njia hana.

Juu ya jambo hilo nitarudi. Kwanza tumtazame mwenye magari.

André Citroën alizaliwa Paris tarehe 5 Februari 1878. Baba yake alikuwa Myahudi wa Uholanzi, mfanyabiashara ya almasi; mama yake alitoka Warsaw. Jina la ukoo lina kisa ambacho msomaji wa pwani atakipenda. Babu mmoja wa ukoo huo, huko Uholanzi, aliuza ndimu, na watu wakamwita kwa bidhaa yake: Limoenman, mtu wa ndimu. Mwanawe akaona jina hilo linanuka soko, akalipandisha daraja kidogo tu, akawa Citroen, ambalo kwa Kiholanzi ni limau. Ukoo ulipohamia Paris, herufi moja ikatiwa nukta mbili juu yake, na harufu ya matunda ikapotea kabisa masikioni mwa Wafaransa. Basi lile gari ambalo matajiri wa Ulaya walilipanda kwa fahari lilikuwa, kwa asili ya jina, gari la Bwana Malimau.

André alikuwa na umri wa miaka sita baba yake alipojiua. Alikua akisoma riwaya za Jules Verne na akiutazama mnara wa Eiffel ukipandishwa chuma juu ya chuma. Akasomea uhandisi. Akiwa kijana alikwenda Poland, kwa watu wa mama yake, na huko akaona gia ambazo meno yake yalikatwa kwa umbo la V badala ya kunyooka. Gia za namna hiyo huzunguka kwa ulaini na hazipigi kelele nyingi. Akanunua haki ya kuzitengeneza, akafungua karakana, na kutoka kwenye meno hayo ikazaliwa ile alama ya pembe mbili, moja juu ya mwenzake, ambayo hadi leo imo usoni mwa kila gari la Citroën.

Utajiri wake mkubwa haukuja kwa magari, ulikuja kwa mizinga. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijenga kiwanda kando ya mto Seine, mahali paitwapo Javel, akatengeneza makombora kwa mamilioni. Maelfu ya wanawake walifanya kazi humo, kila mmoja akishika sehemu yake ya kazi na kuipitisha kwa jirani. Vita vilipokwisha, mashine zile zile na mpango ule ule wa kazi viligeuzwa, na mwaka 1919 gari lake la kwanza, Aina A, likatoka. Alikuwa Mfaransa wa kwanza kuunda magari kwa wingi kwa mtindo wa Henry Ford wa Marekani.

Naomba msomaji aliweke akilini kombora hilo la Javel, kwani vita vile vile vilipigwa pia katika nchi yetu, na huku kwetu kombora halikupakiwa kwenye lori. Lilipakiwa kichwani mwa mtu.

Gari lenyewe la safari ya 1925 halikuwa la kupendeza macho. Mbele lilikuwa na magurudumu mawili ya kawaida; nyuma, mahali pa magurudumu, palikuwa na mikanda mipana ya mpira iliyozunguka kama mnyororo. Wafaransa waliliita gari-kiwavi, na jina hilo linafaa. Aliyebuni mikanda hiyo ni Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa fundi wa magari katika kasri la mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili. Mfalme alitaka kusafiri majira ya baridi, na magurudumu yalizama thelujini. Kégresse akatafuta njia ya kuutawanya uzito wa gari ili lisizame. Mapinduzi ya 1917 yakamrudisha kwao. Citroën akaona mara moja kwamba kinachoelea juu ya theluji kitaelea juu ya mchanga.

Hapa siwezi kupita bila kukumbusha kwamba theluji hiyo ya Urusi ilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yamo katika kitabu Safari za Wasuaheli, alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901. Fundi wa mfalme alipokuwa bado hajapewa kazi ya kuishinda theluji, mtu wa visiwa vyetu alikuwa amekwisha kuikanyaga na kuieleza. Watu wetu hawakukaa tu kungoja wageni wawajie. Nao walisafiri, wakatazama, wakaandika.

Tarehe 17 Desemba 1922 magari-viwavi matano yaliondoka Touggourt, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Tarehe 7 Januari 1923 yakaingia Timbuktu. Safari ambayo misafara ya ngamia iliihesabu kwa miezi ilimalizika kwa wiki tatu. Citroën akalewa furaha. Akapanga kuanzisha huduma ya abiria kwenye njia hiyo, yenye mahoteli jangwani kwa wageni wa hali ya juu: mabafu, vitanda, wapishi. Hiyo ndiyo anasa aliyoikusudia, na ilikuwa kubwa kuliko anasa ya gari lolote, kwani alitaka kuuza jangwa zima kama chumba cha kulala. Mwanzoni mwa 1925, muda mfupi kabla ya uzinduzi, mpango huo ukafutwa kwa hofu ya mashambulizi njiani.

Lakini Haardt na wenzake walikwisha kuondoka kwa safari kubwa zaidi. Walitoka Colomb-Béchar tarehe 28 Oktoba 1924, wakapita Niger, Chad, Ubangi na Kongo ya Wabelgiji, hadi Kampala. Walifuatana na mchoraji Mrusi, Alexandre Iacovleff, na mpiga filamu, Léon Poirier. Safari hiyo waliiita La Croisière noire. Neno hili limenitesa. Croisière ni neno la baharini: ni matembezi ya meli, huku na huko, ya starehe au ya doria. Noire ni nyeusi. Nikisema "Matembezi Meusi ya Baharini" nitachekwa. Nikisema "Safari Nyeusi" nitakuwa nimeipa heshima isiyo yake, kwani katika neno letu safari mna jasho, mna posho, mna mauti. Mtu wa pwani ajuaye bahari na ajuaye bara asingethubutu kuita kuvuka msitu wa Kongo matembezi ya melini. Aliyeweza kuita hivyo ni yule ambaye njia ilikwisha kufyekwa mbele yake.

Na ilifyekwa kweli. Katika Kongo serikali ya Wabelgiji iliamuru watu kwa maelfu waingie msituni wakate miti na wajenge madaraja ya magogo kabla magari hayajafika. Halikuwa ombi. Petroli na vipuri vilitangulizwa kwenye vituo kwa migongo na mitumbwi. Ukiitazama safari hii kwa jicho la hesabu utaona kwamba gari halikumwondoa mpagazi. Lilimtanguliza tu, likamficha nje ya picha.

Mwafrika mmoja tu aliingia katika umaarufu wa magari hayo kwa jina lake: Nobosodru, mwanamke wa Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya Kongo. Iacovleff alimchora kwa ubavu wa uso, na kichwa chake kilichorefushwa na nywele zake zilizosukwa kama taji zikaonekana Paris kila mahali. Mchonga sanamu François Bazin akatengeneza kwa umbo hilo pambo la chuma la kuwekwa kwenye pua ya gari, juu ya rejeta. Basi mwanamke huyo akawa mapambo, akitangulia mbele ya magari asiyopata kuyapanda. Nakiri kwamba mchoro wenyewe ni mzuri. Iacovleff alikuwa na mkono mwepesi na hakumdhihaki mtu. Lakini uzuri wa mchoro ni jambo moja na matumizi yake ni jambo jingine.

Sasa turudi kwenye mafungu yaliyoteremka kutoka Kampala. Yale yaliyoingia Tanganyika hayakuwa magari ya kwanza nchini. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, alitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililoundwa kwao, akafika Swakopmund, ukingo wa Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, yaani baada ya karibu miezi ishirini na moja. Hata hivyo Graetz alikuwa mtu mmoja mwenye wazimu wake. Wafaransa walikuja kama wenye kufungua njia, na hapo ndipo ninapotaka kusimama nao, kwani nchi waliyoiingia ilikuwa na njia na ilikuwa na elimu ya njia.

Yupo msomaji ambaye hajapata kusikia jina la Ziba. Ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, katika Unyamwezi ya kaskazini, nchi tambarare ya ng'ombe, mtama na pamba, isiyokuwa mbali na mbuga ya Wembere. Hakuna ngome wala kaburi la Mzungu litakalomleta mtalii. Lakini Unyamwezi ya vijiji vya namna ya Ziba ndiyo iliyokuwa injini ya biashara ya Unguja kwa karne nzima ya kumi na tisa. Kutoka vijiji hivyo vijana waliteremka pwani baada ya mavuno, wakarudi kabla ya mvua za kupandia. Kwao upagazi haukuwa fedheha. Kijana asiyepata kuiona bahari alitazamwa kama mtoto, na msichana alikuwa na haki ya kumcheka.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake, chakula na silaha. Pembe kubwa ilibebwa begani. Mizigo miwili midogo ilifungwa ncha mbili za mti, mtindo uitwao mzega. Mbele alitangulia kirangozi, na ilikuwa mwiko mtu kumpita. Yeye ndiye aliyejua maji yaliko, ndiye aliyeanzisha wimbo, na kundi likaitikia. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo penye hongo nzito, ikaingia Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji iliyowaua wengi, ikatokeza Tura, Rubuga na Kigwa, hadi Tabora. Kutoka Tabora mkono mmoja ulikwenda Ujiji, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea ziwa la Nyanza. John Speke alipoufuata mkono huo wa kaskazini, Julai 1858, hakugundua njia, alionyeshwa.

Utaratibu wote huu, wa mzigo, mshahara, posho, vituo, uongozi na nyimbo, ni chombo. Naliita chombo kwa maana ile ile ambayo gari ni chombo: kitu kilichobuniwa na akili za watu kwa miaka mingi ili kushinda umbali. Kilivuka mahali ambapo mbung'o aliwaua ng'ombe, farasi na punda. Mwaka 1873 Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa David Livingstone kutoka kusini ya ziwa Bangweulu, wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Sijui injini ya zama hizo ambayo ingeweza kazi hiyo.

Wala tusiwatupie Wafaransa peke yao lawama ya kusahau majina. Sisi wa visiwani tulitangulia. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kitabu ambacho ni fahari ya nathari yetu, mwandishi ana kumbukumbu ya ajabu ya frasila, riale na majina ya masultani wa bara. Wapagazi aghalabu huwataja kwa idadi: walikuwa wangapi, wametoroka wangapi. Majumba ya karafuu na pembe, na milango ile iliyochongwa tunayowaonyesha wageni kwa majivuno, yamesimama juu ya mabega ambayo vitabu vyetu viliyahesabu na havikuyataja. Wengine kati yao walikuwa watu huru wenye kupatana ujira, wengine watumwa. Na mara nyingi katika msafara mmoja walikuwamo wote wawili.

Reli iliyoanzwa Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi wa biashara akaanza kutoweka. Mwaka huo huo wa 1914 vita vikamrudisha kwa nguvu. Kombora lililotoka kiwandani Ulaya kwa mashine lilishuka melini, likaingia relini, kisha reli ilipokwisha likawekwa kichwani mwa Mnyamwezi, Msukuma, Mkamba, Mganda, Mkongo. Pande zote mbili, Waingereza na Wabelgiji huku, Wajerumani kule, ziliwakusanya. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni mabaki ya jina la kikosi hicho cha wabebaji lililopita katika vinywa vya Waswahili. Hilo ndilo kaburi lao lenye maandishi.

Ni mmoja ninayeweza kumtaja kwa jina, na kwa kumtaja nadhani nitaeleweka zaidi kuliko kwa hoja zote nilizotoa.

Adrien Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alikamatwa, akauzwa, akavushwa Sahara pamoja na msafara wa watumwa hadi Algeria. Huko Mapadri Weupe walimnunua, wakamwacha huru, wakamsomesha. Mwaka 1881 walimpeleka Malta kusomea uganga wa kizungu, na mwaka 1888 wakamtuma Afrika ya Mashariki. Akasafiri bara kwa msafara wa wapagazi, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Hapo akakaa akiwatibu watu, akifundisha dini, akipasua majipu na kuunga mifupa, miaka 67, hadi alipofariki 1956. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, na yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida Tanganyika Notes and Records.

Sasa weka ramani mbili, moja juu ya nyingine. Njia ya jangwani baina ya Timbuktu na Algeria, ambayo Haardt aliikata mwaka 1922 na kushangiliwa dunia nzima, nchi hiyo hiyo Atiman aliivuka nusu karne kabla yake, mtoto, akiongozwa na waliomteka. Upande wa mashariki wa bara, ambako magari yalikuwa yakiteremka kuelekea bahari mwaka 1925, Atiman alikwisha kuvuka kutoka bahari hiyo hiyo hadi ziwa miaka thelathini na sita nyuma. Paris ilipokuwa ikisherehekea wanaume walioiunganisha Sahara na Bahari ya Hindi, huko Karema alikuwako mganga mwenye umri wa karibu miaka sitini, mwenye sanduku la dawa, ambaye mwili wake ulikwisha kuviunganisha. Hakuna aliyemchora ubavuni mwa gari.

Haardt aliingia Tananarive tarehe 26 Juni 1925, baada ya kushuka Majunga, bandari ambayo manahodha wa mwambao huu wanaijua tangu zama. Siku chache baadaye, mwezi wa Julai, jina la Citroën likawashwa kwa maelfu ya taa juu ya mnara wa Eiffel, ule ule aliouona ukijengwa utotoni. Likawaka hadi 1934. Filamu ya Poirier ilionyeshwa Machi 1926 katika jumba la Opera la Paris. Haardt aliongoza msafara mwingine wa kuvuka Asia, akafia Hong Kong Machi 1932.

Citroën mwenyewe alikuwa mcheza kamari, mezani na kiwandani. Mwaka 1933 alibomoa na kukijenga upya kiwanda cha Javel kwa haraka ya ajabu, kwa fedha ya kukopa, ili atoe gari ambalo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Likatoka 1934, na lilikuwa gari bora lililoishi miaka mingi. Lakini wenye madeni hawakungoja. Desemba ya mwaka huo kampuni ikafilisika, ikachukuliwa na Michelin, watengeneza mipira. Tarehe 3 Julai 1935 Citroën akafariki kwa saratani ya tumbo, hana kiwanda. Taa za mnara zilikwisha kuzimwa.

Gari la anasa lenye jina lake ambalo wapenda magari ya kale hulisujudia leo, yeye hakuliona. Ni DS, lililoonyeshwa Paris tarehe 6 Oktoba 1955, na siku ile ile watu 12,000 wakaliagiza. Lilipumulia mafuta na hewa badala ya springi za chuma. Likiwashwa, huinuka kama ngamia anayesimama. Herufi hizo mbili zikitamkwa kwa Kifaransa husikika déesse, mungu wa kike. Tarehe 22 Agosti 1962 Rais de Gaulle alishambuliwa kwa risasi akiwa ndani ya gari la aina hiyo, mipira ikapasuka, gari likaendelea kukimbia likamwokoa. Lilipopandishwa jukwaani kwa mara ya kwanza, Atiman alikuwa yu hai bado, huko Karema, mzee wa karibu miaka tisini.

Afrika ya Mashariki haikuufahamu sana uungu huo wa Kifaransa. Gari la Kifaransa lililopata uraia kwetu ni Peugeot, gumu, lisilo na majivuno, ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alilishindia Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Mbio hizo nazo zikalichukua neno letu na kuliacha jasho lake.

Wilaya ya Igunga, ambamo Ziba imo, hupitiwa sasa na barabara ya lami itokayo Singida kwenda Nzega. Usiku na mchana malori hupita yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, yakiwa na shehena ya bandari ya Dar es Salaam: saruji, ngano, mafuta. Madereva wake hupika chai chini ya tela na kujua maji yaliko. Na mengi ya malori hayo yameandikwa, kwenye paji la uso au kwenye bamba la nyuma, jina la mtoto, la mama, la kijiji, au neno la mafumbo ambalo mshairi angelionea wivu.